Soko Lisilo na Uwanja: Lugha ya Safari za Mashua katika Delta ya Mekong na Hali ya Msamiati wa Vyombo vya Majini katika Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna Kiswahili kinavyoweza kuisimulia safari ya chombo cha majini katika miji ya Delta ya Mekong, kusini mwa Vietnam, na katika masoko yanayofanyika juu ya mto. Mada hii imechaguliwa kwa sababu inaipima lugha yetu mahali inapodhaniwa kuwa na utajiri wa asili, yaani katika msamiati wa maji, vyombo na safari. Makala yanachunguza mambo manne: uteuzi wa majina ya vyombo, vitenzi vya kujaa na kupwa kwa maji, uundaji wa istilahi ya kulitaja soko lenyewe, na matumizi ya viambishi vya mahali pa-, ku- na mu-. Hoja kuu ni kwamba ugumu wanaoupata wafasiri na waandishi wa leo hautokani na upungufu wa Kiswahili. Unatokana na kusahauliwa kwa maneno ambayo wasemaji wa pwani na wa delta zetu wangali wanayatumia. Makala yanapendekeza istilahi soko la majini na kutoa sababu za kuiteua.

1.0 Utangulizi

Miaka michache iliyopita, katika somo la tafsiri, niliwapa wanafunzi wa uzamili matini fupi inayosimulia safari ya asubuhi kutoka mji wa Cần Thơ kwenda soko la Cái Răng. Katika matini hiyo, chombo cha msafiri kinakwama kwenye tope kwa muda kwa kuwa maji yamerudi baharini. Takribani darasa zima liliandika kwamba "boti ilikwama kwa sababu maji yalipungua". Tafsiri hiyo haina kosa la sarufi, na maana inapatikana. Hata hivyo, mwanafunzi mmoja aliyekulia katika visiwa vya Delta ya Rufiji aliandika maneno mawili tu: "Chombo kilipwelewa." Wenzake walimuuliza neno hilo amelitoa wapi. Alijibu kwamba hakulitoa popote, kwani nyumbani kwao husemwa kila siku.

Tukio hilo ndilo chimbuko la makala haya. Linaibua swali ambalo wanaisimu na wafasiri wa Kiswahili hatuna budi kulikabili: inakuwaje lugha iliyokuzwa na watu wa pwani, mabaharia na wachuuzi wa visiwani, iandikwe leo na wasomi wake kana kwamba haikupata kugusa maji? Tunapotafuta namna ya kuyaeleza mazingira ya mbali, kama vile masoko ya mtoni ya Vietnam, tunakimbilia kukopa au kutafsiri neno kwa neno, ilhali chumbani kwetu mna akiba ambayo hatujaifungua.

Ieleweke kwamba makala haya hayakusudii kuulinganisha utamaduni wa Mekong na wa Uswahilini na kuona upi umezidi. Delta ya Mekong inatumika hapa kama kipimo. Yanayoelezwa ni mambo ya huko, na kinachopimwa ni lugha inayoyaeleza.

2.0 Delta ya Mekong na Miji Yake

Mto Mekong huanzia katika nyanda za juu za Tibet na kusafiri zaidi ya kilomita 4,000 kabla ya kumwaga maji yake katika Bahari ya Kusini ya China. Ufikapo Phnom Penh, mji mkuu wa Kambodia, hugawanyika na kuwa mikono miwili mikubwa ambayo Wavietnam huiita Tiền na Hậu. Mikono hiyo nayo hujigawa tena, na kwa mapokeo ya Wavietnam milango yake ya baharini huhesabiwa kuwa tisa. Ndipo mto ukapewa jina la Cửu Long, yaani Majoka Tisa. Sehemu ya delta iliyomo ndani ya Vietnam ina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 40,000.

Licha ya mito ya asili, delta hii imechimbwa mifereji mingi mno. Mfereji wa Vĩnh Tế, unaopita karibu na mpaka wa Kambodia, ulichimbwa kwa mikono kati ya mwaka 1819 na 1824. Wakati wa ukoloni wa Wafaransa mifereji iliongezwa kwa mitambo. Miji iliota pale mifereji ilipokutana, na baadhi ya majina yanaitangaza historia hiyo waziwazi. Ngã ni makutano ya njia, kwa hiyo Ngã Bảy ni mahali pa njia saba na Ngã Năm ni mahali pa njia tano. Njia hizo ni za maji. Mswahili anayesikia njia panda hufikiria barabara, lakini kwa mkazi wa delta hii panda za njia yake zilikuwa mitoni kwa vizazi vingi.

Masoko ya mtoni yalizaliwa kutokana na jiografia hiyo. Soko la Cái Răng, lililo kilomita chache kutoka katikati ya mji wa Cần Thơ, ni soko la jumla. Vyombo vikubwa hufika vimesheheni mananasi, matikitimaji, maboga, kabichi, viazi vitamu na mihogo kutoka mashambani, vikatia nanga mtoni na kukaa kwa siku kadhaa mpaka shehena iishe. Wachuuzi wadogo huja alfajiri kwa vyombo vyao, wakanunua, kisha wakatawanyika katika vijito kuyauza kwa rejareja. Katikati ya vyombo hivyo hupenya vidau vinavyouza kahawa na supu ya tambi za mchele. Jua likishapanda, pilikapilika hupungua. Mwaka 2016 utamaduni wa soko hilo uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika.

3.0 Uteuzi wa Majina ya Vyombo

Tatizo la kwanza la mwandishi wa Kiswahili ni kuvitaja vyombo. Kivietnam cha delta kinatofautisha ghe, ambacho ni chombo cha mbao chenye uwezo wa kubeba shehena na mara nyingi kuwa makazi ya familia, na xuồng, ambacho ni chombo kidogo cha kupiga kafi au kasia. Miongoni mwa xuồng kuna xuồng ba lá, yaani chombo cha mbao tatu, kwa kuwa mwili wake huundwa kwa mbao tatu ndefu. Katika matini nyingi za Kiswahili cha leo vyote hivyo vingeitwa boti, na tofauti ambayo ndiyo mpango mzima wa soko ingepotea. Msomaji hatajua nani anauza kwa jumla na nani ananunua.

Kiswahili kina mtumbwi, hori, ngalawa, dau, kidau, mashua, jahazi na mtepe, kwa kutaja vichache. Hata hivyo, wingi wa majina hautoshi. Sharti tuzijue sifa zinazoyatenganisha. Sifa ya kwanza ni namna chombo kinavyotengenezwa, na hapa vitenzi vyetu vina usahihi wa kupendeza: mtumbwi huchongwa, mtepe hushonwa, na jahazi huundwa. Kumwita xuồng ba lá mtumbwi ni kusema kwamba umechongwa kutoka katika gogo moja, jambo ambalo si kweli. Sifa ya pili ni nguvu inayokisukuma chombo. Kumwita ghe jahazi ni kumsimamishia mlingoti na kumtwekea tanga ambalo siku hizi hana, kwani husukumwa kwa injini. Sifa ya tatu ni umbo na ukubwa.

Kwa kuzingatia sifa hizo, inapendekezwa kwamba ghe iitwe mashua ya shehena na xuồng iitwe kidau. Mashua na dau vyote ni vyombo vya kuundwa kwa mbao, na kiambishi ki- cha udogo kinaubeba uhusiano wa mkubwa na mdogo ambao ndio msingi wa biashara ya sokoni. Boti ibaki kwa vyombo vya kisasa vya mwendo wa kasi vinavyobeba abiria na watalii. Vivyo hivyo kwa nyenzo: kafi hushikwa mkononi bila kufungwa popote, kasia huegemezwa ubavuni mwa chombo, na pondo huchomekwa chini pale maji yanapokuwa haba. Mwanamke wa Mekong anayesimama tezini na kuendesha kidau kwa nyenzo mbili zilizopishana anapiga makasia, hapigi kafi, ingawa ameelekeza uso mbele.

Si vibaya kukumbusha hapa kwamba kitenzi -unda, ambacho kamusi za zamani zinakihusisha hasa na useremala wa vyombo vya majini, ndicho kilichotuzalia muundo, uundaji na miundo. Kila mwanaisimu anayezungumzia muundo wa sentensi anatumia neno lililopata kusikika sana pwani, penye misumari na nyundo za mafundi wa jahazi. Kwa maneno mengine, taaluma yetu yenyewe ina deni kwa msamiati tunaouacha upotee.

4.0 Maji Yanayokwenda na Kurudi

Katika Kivietnam neno nước lina maana ya maji na pia maana ya nchi, na đất nước, yaani ardhi na maji, ni njia ya kawaida ya kuitaja nchi ya mtu. Kiswahili kimeelekea upande wa pili. Nchi kwetu ilikuwa ardhi, na ndiyo maana bado tunasema nchi kavu. Tofauti hiyo isitufanye tudhani kwamba lugha yetu haikuyatazama maji kwa makini.

Mawimbi ya kujaa na kupwa huingia ndani sana katika mikono ya Mekong, na mjini Cần Thơ maji hupanda na kushuka mara mbili kwa siku. Msafiri anayetoka bila kuuliza saa ya maji hujuta. Wakazi wana istilahi zao: nước lớn ni maji ya kujaa, nước ròng ni maji ya kupwa, nước rong ni maji makubwa ya mwandamo na ya mwezi mpevu, na nước kém ni maji madogo yanayofuata. Kiswahili kinayo maneno kwa kila moja: maji kujaa, maji kupwa, bamvua na maji mafu. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji kukopwa wala kuundwa upya. Kinachohitajika ni mwandishi kulijua.

Turudi sasa kwa kitenzi cha mwanafunzi wa Rufiji. Mzizi ni -pw-, wenye maana ya maji kurudi. Kutokana nao hupatikana kauli ya kutendea, -pwea, kisha kauli ya kutendwa, -pwelewa, kwa utaratibu ule ule unaotupa -pokea na -pokelewa. Kisarufi, kiima cha kitenzi hiki ni chombo, lakini aliyetenda ni maji. Chombo kimefanyiwa jambo kwa maji kuondoka. Msomaji ataona mara moja kwamba tunao mfano mwingine unaofanana nacho na ulio maarufu zaidi: -fa, -fia, -fiwa. Aliyefiwa hakufa. Ameachwa na aliyekufa. Kadhalika chombo kilichopwelewa hakikupwa. Kimeachwa na maji. Katika mifano yote miwili mzizi ni wa silabi moja, kauli ya kutendea inamleta mhusika anayeathirika, na kauli ya kutendwa inamweka mhusika huyo mbele.

Kivietnam husema mắc cạn, yaani kunaswa penye kina kifupi. Mtazamo wa usemi huo uko mahali chombo kiliponasa. Mtazamo wa -pwelewa uko katika uhusiano wa chombo na maji yaliyokwenda zake. Anayeandika "boti ilikwama" ameuacha mtazamo huo, na pamoja nao taarifa muhimu kwa msafiri: kwamba maji yatarudi na hakuna haja ya hofu. Gari lililokwama lahitaji kusukumwa, ilhali chombo kilichopwelewa chahitaji subira. Ndiyo busara ya methali isemayo kwamba maji yakijaa hupwa, ikisomwa kutoka mwisho wake.

Jambo la pili linahusu mafuriko. Kuanzia takribani mwezi wa Julai hadi Novemba, maji ya Mekong huongezeka na kufunika mashamba ya sehemu za juu za delta. Wenyeji huuita wakati huo mùa nước nổi, yaani msimu wa maji kupanda juu. Ni msimu wa samaki na wa rutuba, na jina lake halina harufu ya maafa. Mfasiri akiandika msimu wa mafuriko, msomaji wa habari za leo atafikiria nyumba zilizobomoka. Hapa tena Rufiji inatufaa. Wakulima wa bonde hilo wamelima tangu zamani katika ardhi inayoachwa na maji ya mto, na kilimo hicho wanakiita mlau. Kwa jamii yenye neno kama hilo, kufurika kwa mto ni sehemu ya kalenda. Msimu wa maji kupanda ni tafsiri iliyo karibu zaidi na fikra ya wasemaji wa Mekong, na pia haiko mbali na fikra ya Mrufiji.

5.0 Jina la Soko

Tatizo lililozua mjadala mkubwa zaidi darasani lilikuwa jina la soko lenyewe. Kwa Kivietnam ni chợ nổi. Chợ ni soko. Nổi ni neno lile lile tulilolikuta katika msimu wa maji, nalo lina maana ya kuelea, kuibuka au kuja juu. Yafuatayo ni mapendekezo yaliyotolewa na tathmini ya kila moja.

5.1 Soko linaloelea

Hii ni tafsiri ya neno kwa neno na ndiyo inayomjia mtu kwanza. Ina ubora wa kuwa wazi. Kasoro yake ni kwamba inakipa kitenzi kiima kisichostahili. Kinachoelea ni vyombo, na soko ni mkusanyiko wa shughuli baina ya vyombo hivyo. Aidha, kirejeshi kinaifanya istilahi kuwa maelezo, na haizai kwa urahisi maneno mengine. Ni shida kusema mchuuzi wa soko linaloelea mara kumi katika ukurasa mmoja.

5.2 Soko elezi

Pendekezo hili lilitolewa kwa nia njema ya kupata kivumishi kifupi. Lakini Kiswahili kina -elea mbili, ya kukaa juu ya maji na ya kuwa wazi akilini, kama katika "somo limenielea". Hiyo ya pili ndiyo iliyotuzalia -eleza, maelezo na -elezi. Soko elezi, kwa msomaji wa jarida hili, litakuwa soko linalotoa maelezo.

5.3 Gulio la majini

Gulio ni neno lenye asili ya Kibantu, kutokana na mzizi wa kununua unaopatikana katika lugha nyingi jirani, tofauti na soko lililotujia kwa Kiarabu. Gulio hukusanyika kwa siku yake na kisha mahali hapo pakarudi kuwa uwanja mtupu. Sifa ya kukusanyika na kutawanyika inalifaa sana soko la Cái Răng. Hata hivyo, gulio ni la siku maalumu, na Cái Răng huuza kila siku. Neno hili lihifadhiwe kwa masoko ya mtoni yanayofanyika kwa zamu za siku.

5.4 Soko la mtoni

Ni jina fupi na la kawaida. Tatizo ni upana wa kiambishi -ni. Mtoni si lazima iwe ndani ya mto, kwani inaweza kuwa kando yake. Ushahidi tunao katika majina ya mahali: wakazi wa Mtoni, iwe ya Dar es Salaam au ya Unguja, wanaishi nchi kavu. Soko la mtoni laweza kuwa na vibanda na kuta.

5.5 Soko la majini

Majini, tofauti na mtoni, haina uwezekano wa kuwa kando. Aliye majini yumo ndani ya maji au juu yake. Istilahi hii pia inaingia katika familia iliyokwisha kukubalika: vyombo vya majini, usafiri wa majini, viumbe wa majini. Kuna pingamizi moja ambalo lilileta kicheko darasani, nalo ni kwamba majini ni pia wingi wa jini. Soko la majini, kwa anayependa hadithi za mizimu, lingeweza kuwa soko la usiku ambalo mwanadamu haendi. Maumbo hayo mawili hayatofautiani kwa maandishi wala kwa mkazo. Lakini homonimia hiyo ipo pia katika usafiri wa majini, na hakuna abiria aliyewahi kuogopa kupanda. Muktadha na mazoea ya kuambatana kwa maneno hutosha kuuondoa utata. Kwa sababu hizo, makala haya yanapendekeza soko la majini.

6.0 Mti Unaosema

Soko la majini halina vibao vya maduka. Mchuuzi wa Cái Răng husimika omoni mwa chombo chake mti mrefu uitwao cây bẹo, akaning'iniza humo anachouza, ili wanunuzi waone kwa mbali. Wenyeji hueleza matumizi yake kwa kanuni nne. Kwanza, kinachotundikwa ndicho kinachouzwa: nanasi likining'inia, chombo kina mananasi. Pili, kuna kinachotundikwa lakini hakiuzwi, yaani nguo, kwa kuwa familia inaishi chomboni na nguo sharti zikauke. Tatu, kuna kinachouzwa bila kutundikwa, kama supu na vinywaji, visivyoweza kuning'inizwa. Nne, kuna kinachotundikwa ili kuuza kitu kingine: jani la mnazi au la mtende wa majini likionekana juu ya mti, kinachouzwa ni chombo chenyewe.

Kwa mwanafunzi wa semiotiki hili ni darasa kamili. Kwa istilahi za Charles Sanders Peirce, nanasi lililotundikwa lina sifa ya ikoni kwa kufanana na shehena, na pia sifa ya kiashiria kwa kuwa ni sehemu halisi ya shehena hiyo. Jani ni ishara inayotegemea makubaliano, ijapokuwa haikuzuka hewani. Makuti na majani ya mitende ndiyo yanayoezekea nyumba, na chombo cha mchuuzi ndiyo nyumba yake. Anayetundika jani anasema, bila kutamka, kwamba makazi yake yanauzwa. Nguo, kwa upande wake, inatukumbusha kwamba maana haitokani na kitu kilivyo. Inatokana na mfumo unaomwezesha msomaji kujua kipi kisomwe na kipi kiachwe.

Vyombo vingi vya delta hiyo huchorwa macho omoni. Desturi ya kukitia chombo macho imekuwapo pia katika baadhi ya vyombo vya mwambao wa Lamu. Kufanana huku hakuthibitishi asili moja, lakini kunampa mfasiri nafasi ya kuandika kwa urahisi kwamba mashua ile ilikuwa na macho, bila kuongeza ufafanuzi.

7.0 Hapa, Kule na Humo

Ngeli za mahali ni miongoni mwa vipengele vinavyopewa mifano mikavu katika vitabu vya sarufi: nyumbani pana, nyumbani kuna, nyumbani mna. Mifano hiyo hutegemea mahali pasipohama. Soko la majini linaziweka ngeli hizi katika mtihani wa kweli.

Chukua sentensi tatu: Sokoni palikuwa pamechangamka. Sokoni kulikuwa kumechangamka. Sokoni mlikuwa mmechangamka. Ya kwanza inaliona soko kama mahali mahususi panapoweza kuonyeshwa kwa kidole. Msafiri aliye darajani akitazama chini ataitumia bila shida. Ya pili inaliona soko kama eneo lisilo na mipaka dhahiri. Inamfaa anayesimulia baadaye, kwa kuwa vyombo vya jana vimeng'oa nanga na vya leo vimetia nanga hatua kadhaa mbele. Ya tatu inamweka msimulizi ndani, katikati ya mbavu za vyombo, ambako njia hufunguka na kufunga kadiri vidau vinavyopita.

Katika mazungumzo ya leo ku- imeelekea kuzimeza pa- na mu-, hasa katika umbo la kuna. Wapo wanaoliona jambo hilo kuwa ni urahisishaji usio na madhara. Safari ya delta inaonyesha hasara yake. Msimulizi aliye chomboni yumo ndani ya chombo, na chombo kimo ndani ya soko, na soko limo ndani ya mto. Tabaka hizi tatu zinatajika kwa mu- pasipo maneno mengi: mle chomboni mlimokuwa na mapipa, mle sokoni tulimopenya, mle mtoni mlimojaa magugu. Zaidi ya hayo, hapa ya msafiri wa majini hubadilika bila yeye kuinua mguu. Mchuuzi anayesema "njoo hapa" anakuwa ameshapelekwa na mkondo kabla mteja hajamjibu. Lugha yenye ngeli tatu za mahali imejaliwa nyenzo ya kulisema hilo, na mwandishi asiyeitumia ameamua kupiga kasia moja.

8.0 Maneno Yaliyopanda Nchi Kavu

Masoko ya majini ya Mekong yanapungua. Daraja la Mỹ Thuận lilifunguliwa mwaka 2000 na lile la Cần Thơ mwaka 2010. Barabara zimeongezeka, malori yanafika hadi mashambani, na wengi wa watoto wa wachuuzi wametafuta kazi nchi kavu. Mkulima hana sababu ya kusubiri maji yajae ikiwa lori liko mlangoni. Hakuna haki ya kumtaka abaki mtoni ili mgeni apate picha.

Lakini si kila neno hufa pamoja na kazi yake. Kusini mwa Vietnam, quá giang, ambayo kwa maana ya asili ni kuvuka mto, hutumiwa kwa kuomba kubebwa, hata kwenye pikipiki. Kiswahili kina mfano unaokaribiana mno. Abiria ana asili ya Kiarabu katika kitenzi cha kuvuka, na -abiri ilikuwa kusafiri kwa chombo. Leo abiria yumo katika basi na ndege. Nahodha anaongoza timu ya mpira, usukani umo katika gari na katika siasa, shehena inapakiwa kwenye lori, na mambo ya ofisi yanakwenda mrama ingawa ofisi haina mkuku.

Mtu akilinganisha maneno hayo na yale yanayotoweka, kanuni moja inajitokeza. Yaliyobaki ni yale yaliyopata kazi mpya nchi kavu. Pwelewa, bamvua, maji mafu, pondo na demani hayakupata kazi hiyo, na yanaishi midomoni mwa watu ambao wachache wao huandika. Sacleux aliyasajili mengi katika kamusi yake ya mwaka 1939, na Prins alieleza maisha ya mabaharia wa Lamu katika kitabu chake cha mwaka 1965. Neno lililomo katika kamusi ya zamani pasipo mwandishi wa kulitumia linafanana na chombo kilichopandishwa pwani: halijaoza, lakini haliendi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba safari ya mashua katika Delta ya Mekong inaweza kusimuliwa kwa Kiswahili kwa usahihi, na kwa sehemu kubwa bila kukopa. Istilahi soko la majini, mashua ya shehena na kidau zimependekezwa kwa kuzingatia muundo wa vyombo, mazoea ya lugha na uwezo wa kuzaa maneno mengine. Imeonyeshwa pia kwamba -pwelewa ina utaratibu ule ule wa -fiwa, na kwamba ngeli za mahali zina kazi ambayo ku- peke yake haiwezi kuibeba.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, wanaounda istilahi za utalii na usafiri waanze kwa kuwauliza wasemaji wa delta na visiwa vyetu, Rufiji, Tana, Mafia na Lamu, kabla ya kufungua kamusi za lugha za kigeni. Pili, walimu wa tafsiri wawape wanafunzi matini za maji mara kwa mara. Mwanafunzi yule wa Rufiji aliniambia baada ya kipindi kwamba alikuwa ameandika -pwelewa kisha akakaribia kuifuta, kwa kudhani ni neno la kijijini lisilofaa chuoni. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba mwingine kama yeye haoni haja ya kufuta.